Kambi za wakata boriti wa Lamu: kazi ilivyokuwa na ilivyobadilika

Msomaji mmoja wa Malindi ameniandikia kuhusu babu yake, mzaliwa wa Faza katika kisiwa cha Pate, aliyekata boriti, yaani miti ya mikoko ya kujengea, tangu ujana wake hadi miaka ya 1980. Anakumbuka kwamba mzee alikuwa akiaga nyumbani na kupotea kwa wiki kadhaa, kisha akirudi na miguu iliyojaa makovu, na kwamba hakupenda kuzungumzia mambo ya kambini. Anauliza kazi ile ilifanywaje hasa; kwa nini mpaka leo wakataji wa mikoko wanashika shoka ilhali misitu ya bara inaangushwa kwa mashine; na kama ni kweli, kama anavyosikia, kwamba wakata boriti ndio walioimaliza mikoko. Mdogo wake wa kiume sasa anataka kuingia katika kazi hiyo, na familia haijui impe ushauri gani.

Dada yangu, nitaanza na biashara yenyewe, kwa sababu bila ya kuielewa biashara huwezi kuelewa kwa nini watu wazima wenye familia walikubali kuishi ndani ya tope. Nchi za Ghuba hazina miti ya kujengea. Tangu karne ya 10 mwandishi wa jiografia al-Istakhri alieleza kwamba nyumba za Siraf, bandari ya Uajemi, zilijengwa kwa msaji na kwa miti iliyoletwa kutoka nchi ya Zanj, yaani pwani yetu. Majahazi yalishuka na upepo wa kaskazi yakileta tende, chumvi na samaki wakavu, yakangoja, kisha yakapanda na kusi yakiwa yamejaa miti. Kuwait na Bahrain paa za nyumba za zamani zililazwa juu ya miti hiyohiyo. Hapa kwetu pia, vyumba vya nyumba za mawe za Lamu na Pate ni vyembamba, upana wake ukiwa takriban mita 3 au chini ya hapo, kwa kuwa boriti haiwezi kubeba dari la mawe na chokaa kwa urefu zaidi ya huo. Alichokata babu yako ndicho kilichoamua vipimo vya nyumba za watu.

Lamu ndiyo iliyokuwa ghala la biashara hii kwa upande wa Kenya, na bado ni hivyo. Kati ya hekta 61,271 za mikoko zilizohesabiwa nchini, hekta 37,350 ziko Lamu. Maofisa wa misitu wameigawa katika maeneo 5: mikoko ya Kaskazini, ya Kaskazini Kati, ya Kusini, ya Mongoni na Dodori, na ya kisiwa cha Pate. Mtu akiitazama ramani ataona visiwa na vijiji vimeizunguka misitu hiyo, akadhani kwamba mkataji angeweza kutoka kwake asubuhi na kurudi jioni. Sehemu zilizo karibu ziliwezekana hivyo, lakini miti mizuri ya kukatwa ilikuwa ndani kabisa ya mahori, yaani vijito vya bahari vinavyoingia msituni, saa nyingi kwa tanga, na huko hakuna kisima wala mtu anayekaa. Kambi ilizaliwa na umbali huo pamoja na ukosefu wa maji matamu.

Maji ndiyo yaliyopimwa kabla ya kitu chochote. Kikundi kikiondoka kilipakia mapipa na mitungi, na baadaye madumu ya plastiki, kisha unga, mchele, chumvi, sukari na majani ya chai. Kitoweo kilitafutwa hukohuko, kwa kuwa samaki na kaa hawakukosekana. Nahodha aliyajua maji ya kikundi chake kwa siku, na maji yalipokaribia kwisha safari nayo ilikwisha, hata kama shehena haijatimia. Watu walilala chomboni, au juu ya tuta la mchanga lisilofikiwa na maji, chini ya kipande cha tanga au makuti, huku moto ukifukizwa usiku kucha kwa ajili ya mbu. Kuoga kulikuwa kwa maji ya chumvi. Nadhani hii ni sababu mojawapo ya wazee wengi kutotaka kusimulia, kwa kuwa mengi ya maisha ya kambini yalikuwa ni kuvumilia tu, na mtu haoni la kusimulia katika kuvumilia.

Ratiba ya kambi haikufuata jua, ilifuata maji. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku nyakati zake husogea mbele kwa karibu dakika 50, hivyo wakataji waliokuwa wakianza kazi alfajiri wiki hii huenda wiki ijayo wakaanza adhuhuri. Ukataji ulifanywa maji yakiwa yametoka, wakati mtu anaweza kusimama. Kupakia kulihitaji maji yaliyojaa, na katika mahori ya ndani kulingoja bamvua, yaani maji yanayojaa kupita kawaida wakati wa mwezi mwandamo na mwezi mpevu, kwa sababu katika maji mafu chombo kizito hakifiki huko au kikifika hakitoki. Nahodha aliyekosea hesabu ya bamvua aliweza kukwama na shehena yake mpaka mwezi ugeuke, na mapipa ya maji yakiendelea kupungua.

Ukiutazama mti mmoja ukikatwa utaelewa kwa nini mzee alikuwa na makovu. Mkoko wenyewe, ule wenye mizizi inayoshuka kama miguu ya buibui, hauna shina linalofika ardhini; shina huanza pale mizizi inapokutana, mara nyingine kwa kimo cha kiuno au kifua cha mtu. Mkataji hupanda juu ya mizizi hiyo, unyayo mmoja huku na mwingine kule, na mizizi imejaa chaza wenye makali ya wembe na utelezi wa tope. Hutazama juu kwanza, kwa kuwa matawi yameshikana na mti uliokatwa ovyo hubaki umening'inia kwa jirani yake badala ya kuanguka, na kuuvuta hugharimu nguvu zaidi kuliko kuukata. Hupiga mapigo ya kushuka upande anaotaka uangukie, akahamia upande wa pili na kumalizia juu kidogo. Mti ukishalala huondolewa kilele na matawi kwa panga, kisha hubebwa begani, juu ya gunia lililokunjwa, mpaka ukingoni mwa hori. Katika tope linalomfikia mtu magotini, hatua chache huchukua dakika nyingi. Kidonda cha chaza hakipati nafasi ya kukauka, kwa sababu kesho yake mguu uleule unarudi katika maji yaleyale.

Kubeba huku begani hakukuepukika. Kwingine duniani wakata miti huviringisha magogo mtoni na kuyaacha maji yayasukume, lakini mti wa mkoko ukiwa mbichi ni mzito na huzama. Kila mti ulipaswa kubebwa na mtu mpaka chomboni, na ndiyo maana katika kikundi wabebaji hawakuhesabiwa kuwa watu wa chini ya wakataji.

Ukingoni miti ilipangwa kwa unene. Kuanzia mwembamba kuna fito, pau, mazio, boriti, nguzo, vigingi na banaa, na kila jina lina soko lake: fito na pau kwa kuta za udongo na mapaa ya makuti, boriti kwa dari na majengo mazito. Boriti ina unene wa takriban sentimita 12 hadi 14 upande wa chini, na mkataji mzoefu huutambua unene huo kwa jicho kabla hajainua shoka. Hesabu ni ya korija, yaani miti 20. Mtu alilipwa kwa korija aliyoikata, wala si kwa siku aliyofanya kazi.

Hapa ndipo ninapotaka usome kwa makini zaidi, kwa sababu ndipo maisha ya babu yako yalipoamuliwa kuliko pale msituni. Kibali cha kukata mara nyingi kilikuwa na mtu mwingine, tajiri wa mjini, ambaye pia alikuwa na chombo au alikikodi. Tajiri alitoa posho ya safari, yaani chakula, maji na pesa kidogo za kuacha nyumbani, na yote yakaandikwa kuwa deni. Kikundi kiliporudi korija zilihesabiwa, deni likakatwa, sehemu ya chombo ikatolewa, na kilichobaki kikagawanywa kwa mafungu baina ya nahodha, wakataji, wabebaji na mpishi. Safari ikiwa mbaya, kwa mvua, maradhi au kukwama, deni lilivuka kwenda safari ya pili. Mtu aliyekuwa hodari wa shoka aliweza kukata miaka mingi bila ya kumiliki kibali wala chombo. Sisemi kwamba matajiri wote walikuwa wabaya. Wapo waliozisaidia familia za wakataji wakati wa shida, na bila ya posho zao safari nyingi zisingeanza. Nasema tu kwamba bei ya korija ilipangwa na upande mmoja, na upande huo haukuwahi kusimama juu ya chaza.

Sasa nije kwenye shoka. Watu wengi huona ni dalili ya umaskini au ya kubaki nyuma, na mimi sikubaliani nao. Mti wa unene wa boriti huangushwa na mtu hodari kwa mapigo machache, kwa hiyo chensoo, ule msumeno wa injini, haiokoi muda mwingi. Muda unaliwa na kubeba. Mashine ni nzito kuipandisha juu ya mizizi, mnyororo wake huharibiwa na tope lenye mchanga na chumvi, na mtu anayesimama juu ya mizizi yenye utelezi hapaswi kuwa na mnyororo unaozunguka mkononi. Zaidi ya hayo shoka humlazimisha mkataji achague. Kwa kuwa kila mti unagharimu jasho lake, haangushi asiouhitaji. Nimeona maeneo ambako chensoo imeingizwa kinyemela, na alama yake haikosi kuonekana: miti minene imelazwa, vipande vya kati vimechukuliwa, na vilivyosalia vimeachwa vioze.

Kwa hiyo kifaa cha kukatia hakijabadilika sana, lakini karibu kila kitu kilichokizunguka kimebadilika. Katika ujana wa babu yako tayari mitepe, vile vyombo vya Wabajuni, wenyeji wa pwani ya Lamu, vilivyoshonwa kwa kamba za nazi na vilivyokuwa vikibeba boriti hadi Mombasa na Unguja, vilikuwa vimetoweka, na majahazi yalikuwa yamechukua nafasi yake. Baadaye injini ilikuja. Chombo chenye injini huingia horini bila ya kungoja upepo na kumrudisha mtu kijijini kufuata maji, hivyo kambi zikawa za siku chache zaidi na zenye shida ndogo zaidi. Pamoja na nafuu hiyo yakaja mafuta, na mafuta yakaingia katika daftari la deni kabla ya korija ya kwanza kukatwa. Barabara nayo ilihamisha soko: miti mingi inayofikishwa Mokowe, gati la bara mkabala na kisiwa cha Lamu, huondoka kwa lori badala ya kusafiri kwa tanga mpaka Mombasa, na bei inazungumzwa kwa simu kabla mkataji hajarudi.

Badiliko lililomgusa mzee moja kwa moja, nina hakika, ni lile la mwaka 1982, Serikali ya Kenya ilipopiga marufuku kusafirisha boriti nje ya nchi. Udhibiti wa serikali wenyewe ni wa zamani zaidi: mikoko ya Kenya ilitangazwa kuwa msitu wa serikali mwaka 1932, na Wajerumani walikuwa wameshafanya hivyo katika delta ya Rufiji mwishoni mwa karne ya 19, wakiuza miti na magome ya kutengenezea ngozi. Lakini sheria hizo za kwanza zilidai ushuru na kibali tu. Biashara ya kwenda Ghuba iliendelea, na mwaka 1939 jahazi kutoka Kuwait lililombeba baharia Mwaustralia Alan Villiers lilikwenda Rufiji kupakia miti. Marufuku ya 1982 iliufunga mlango huo kwa upande wa Kenya. Ni haki kuongeza kwamba mlango wenyewe ulikuwa umeanza kujifunga, kwa sababu mafuta yaliwapa watu wa Ghuba uwezo wa kujenga kwa saruji na chuma. Kwa mkataji wa Faza tofauti hiyo haikuwa na maana kubwa: wanunuzi walipungua, na soko la ndani likabaki peke yake.

Soko la ndani nalo halikusimama pale lilipo. Hoteli za pwani zilihitaji boriti na pau kwa mapaa ya makuti, na mafundi wa mijini walizinunua kwa majukwaa ya ujenzi. Kisha wakulima wa Kilifi na kwenu Malindi walipanda mivinje kwa wingi, mti unaokua haraka, ulionyooka, unaokatwa shambani bila ya chombo wala kibali cha mikoko. Leo mvinje umechukua sehemu kubwa ya kazi zilizokuwa za boriti. Kwa msitu hii ni heri, na kwa mkataji ni bei iliyodidimia.

Usalama pia uliingilia. Vita vya Shifta, vya waasi wa kaskazini mashariki mwa Kenya katika miaka ya 1960, viliwahamisha Wabajuni wengi kutoka vijiji vyao vya bara wakakimbilia visiwani na kwingineko, na baadhi ya mahori yakakosa watu wa karibu. Baada ya mashambulizi ya mwaka 2014 ya Mpeketoni, mji wa bara ya Lamu, amri ya kutotoka nje usiku ilitolewa Lamu. Mtu anayeamuliwa na maji hawezi kuyaambia yajae mchana, na safari nyingi zilipotea kwa sababu hiyo tu.

Je, wakata boriti ndio walioimaliza mikoko? Kwanza, mikoko ya Lamu haijaisha. Imeharibika kwa namna ambayo haionekani ukiwa ndani ya boti. Kwa miaka mingi wakataji walichukua miti iliyonyooka ya unene unaouzika, wakaacha iliyopinda na iliyozidi unene. Ukiingia leo utaona msitu mnene na wa kijani, lakini mwenye jicho la kazi atakwambia kwamba boriti ni chache mno. Jambo hili ni kweli na ni sehemu ya urithi wa kazi ya babu yako, na sitalificha. Hata hivyo, mahali ambapo mikoko imeondoka kabisa, ukitafuta sababu huwakuti wakata boriti. Huko Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, ni mabwawa ya chumvi. Gazi, kusini mwa Mombasa, ni kuni za viwanda zilizokatwa miaka ya 1970. Mwache, karibu na Mombasa, ni udongo ulioletwa na mvua za El Niño za 1997 na 1998 ukaifunika mizizi. Kumtwika mkataji wa korija mzigo wa mabwawa ya chumvi ni dhulma.

Uponaji wa msitu nao una kanuni zake, ambazo wakataji wengi walizijua na wenye vibali hawakuziuliza. Mchu na mlilana, ambazo ni aina nyingine za mikoko, hukatwa zikachipua tena kutoka kisikini, lakini mkoko wenye mizizi ya miguu, ule unaotafutwa zaidi kwa boriti, ukikatwa shina lake hauchipui. Hurudi kwa mche tu, na mche hushindwa pale ambapo matawi yaliyokatwa yamerundikwa juu ya tope. Kuhusu muda, kipimo kizuri ni mikoko iliyopandwa Gazi kuanzia mwaka 1991: ilipofikia umri wa miaka 12 ilikuwa na wastani wa unene wa karibu sentimita 6, yaani pau. Boriti inahitaji miaka mingi zaidi ya hapo. Gazi hiyohiyo ndiko ulikoanzishwa mradi wa Mikoko Pamoja mwaka 2013, ambao huuza hewa ya ukaa iliyohifadhiwa na msitu na kuipa jamii mapato bila ya kukata. Naupenda mradi huo, ila sidhani kwamba unaweza kunakiliwa Lamu bila ya kuwauliza wakataji watakula nini katika miaka ya kungoja.

Kuhusu mdogo wako, simkatazi. Ni kazi halali na ina ufundi unaostahili kurithiwa. Lakini kabla ya kutafuta shoka aende katika ofisi ya huduma ya misitu Lamu, aulize ni eneo gani limefunguliwa na ni unene gani unaoruhusiwa. Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji katika misitu ya umma na ya jamii nchini, na wakataji wa Lamu waliokuwa na madeni ya posho walijikuta hawana kazi ghafla. Amri kama hiyo inaweza kurudi. Ajiunge na chama cha jamii cha msitu, kwa kuwa sheria ya mwaka 2016 inavitambua vyama hivyo katika usimamizi, na humo ndimo ambamo mkataji anaweza kuwa na sauti juu ya kibali badala ya kukata kwa kibali cha mwingine. Na akipewa posho, aombe bei ya korija, sehemu ya chombo, mafuta na thamani ya chakula viandikwe katika karatasi mbili, moja yake ikibaki nyumbani kwenu, kabla hajapanda chomboni.